Jipiesi ya Shemeji

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, na Shemeji kaja mchana. Sijui kipi kimenichafulia siku zaidi.

Nilikuwa nimelala chini ya pikipiki ya muuza mikate, natafuta waya wa honi uliokatika, mara nikaona viatu. Vyeusi, vya kazini, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili. Ninayemjua anayefunga hivyo ni mmoja tu. Nikabaki huko huko chini, najifanya bado natafuta.

"Hodi, shemeji," akasema.

"Karibu," nikasema, maana mtu hamfukuzi mteja mbele ya wateja wengine.

Anataka jipiesi. Ile mashine ya kioo inayofungwa kwenye usukani, inayozungumza na setilaiti na kukuonyesha njia. Yeye ni msoma mita za maji, na kazini wamemhamishia kwenye vilima vya nje ya mji, ambako nyumba hazina namba na barabara zinahama kila mvua.

"Sitaki kupotea," akasema. "Wanasema kwa umeme wa pikipiki hakuna kama wewe. Nichagulie, halafu unifungie."

Hataki kupotea! Nilicheka, ila si kwa mdomo.

Acha niandike hapa, ili atakayesoma siku nimekufa asiniite mchawi bure. Mwaka juzi, msimu kama huu, mdogo wangu, kitindamimba wetu, alishikwa na uchungu mchana kweupe. Huyu bwana, mume wake, akampakia kwenye pikipiki. Kutoka kwao hadi hospitali ilikuwa lami tupu, moja kwa moja, hata mbuzi angefika. Yeye akaiacha lami akashika barabara ya juu, ya udongo, ambayo walikuwa wanaichimbua kupitisha mabomba. Njia ya mkato, si ndiyo? Mvua ikawakuta huko. Wakazunguka kwenye machimbo ya kokoto mpaka jua likaelekea kuzama. Aliyewakuta ni dereva wa lori, na mdogo wangu alikuwa ameshakwenda, yeye na mtoto wake tumboni. Msibani watu walimuuliza ilikuwaje. Akasema neno moja, "Nilipotea." Mpaka leo hajaongeza la pili.

Kuuliza si ujinga. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

Nimemwambia arudi Jumatano.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Nimetengeneza taa mbili, honi moja. Sikumwambia Mama kuhusu mgeni wa jana.

Jumatano, 4 Machi

Tumekwenda dukani, mimi mbele, yeye nyuma. Muuza vifaa ni mtu mnene anayependa kujisikiliza akiongea. Alitutolea vitatu, akavipanga mezani, akaanza hotuba. Nikamkatiza.

Cha kwanza hata si kifaa, ni kishikio cha simu tu. Unabana simu yako kwenye usukani, basi. Nikakisukuma pembeni. Mtikisiko wa pikipiki unaua kamera ya simu, na kioo chake kikinyeshewa kinajibonyeza chenyewe, matone yanakuchagulia pa kwenda. Halafu huko vilimani mtandao wenyewe wa kubahatisha. Cha pili kilikuwa kidogo, kizuri machoni, lakini cha gari. Hakijazibwa maji, na jua likikipiga unachoona humo ni sura yako mwenyewe. Cha tatu ndicho. Kimetengenezwa kwa pikipiki, kioo kinene, unakibonyeza hata umevaa glavu, ramani zimo ndani kwa ndani hakihitaji mtandao. Tena kinakumbuka njia uliyopita, ukitaka kinakurudisha kwa nyayo zako mwenyewe. Kimetumika, na betri yake ya ndani imekufa kabisa, lakini kwa pikipiki hilo si neno, kinakula umeme wa pikipiki yenyewe. Ila umeme ukikatika, kinazima hapo hapo.

"Unasemaje, shemeji?" akauliza.

Ningeweza kumwambia achukue kile cha gari. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini muuza vifaa alikuwa ananitazama, na kesho mji mzima ungesikia kwamba yule mwanamke, Fundi Waya, ndivyo wanavyoniita, hajui kuchagua.

"Hiki," nikasema.

Basi kifaa ni kizuri. Ubaya itabidi utoke kwenye mikono yangu.

Alhamisi, 5 Machi

Mteja wangu yeyote anaujua utaratibu wangu. Kazi ikiisha najaza jagi, namwagia maji pale nilipofanya kazi, mwenyewe akitazama. Kitu kikizima, narudia bure na samahani juu. Mafundi wenzangu wananiona kichaa, hakuna anayethubutu. Lakini wateja wanakuja kwangu kwa sababu ya lile jagi.

Kazi ya leo nimeifanya polepole. Kishikio kwenye usukani, chini yake kipande cha mpira cha kumeza mtikisiko. Waya nimeuteremsha kando ya shingo ya pikipiki, nikauacha legelege kidogo ili usukani ukikatwa huku na huku usivutike. Fyuzi karibu na betri. Rilei pia, ili kifaa kiwake na ufunguo na kizime na ufunguo, kisije kikanyonya betri pikipiki imelala. Yote hayo nimeyafanya kama ninavyomfanyia mtu ninayempenda. Halafu nikafika kwenye kiungo cha chini ya tangi.

Kiungo cha waya kinalehemiwa, kinavishwa mpira unaobana ukipashwa moto, kisha kinafungwa juu. Waya unaachwa ufanye tumbo chini yake, maji yateremke yadondokee hapo, kiungo kibaki kikavu. Ndivyo nilivyofundishwa. Mimi leo nimesokota nyaya kwa vidole tu. Nikazungusha utepe mweusi raundi moja, mdomo wake ukitazama juu. Halafu kiungo chenyewe nikakiweka kwenye tumbo, pale pale maji yanapokusanyika. Manyunyu hayatakifanya kitu. Mvua nene ya nusu saa, kioo giza.

Nikajaza jagi. Nikamwagia kwenye kioo, kwenye usukani, kwenye fyuzi. Chini ya tangi sikugusa. Kioo kikawaka vile vile na mshale wake wa bluu, na Shemeji akatabasamu, nadhani mara ya kwanza tangu msiba.

"Mungu akubariki, shemeji."

"Amina," nikasema. Nililisema bila hata kupepesa macho.

Ninataka nini? Niandike bila kuzunguka. Nataka mvua imkute huko vilimani, kioo kimzimikie, asijue mbele wala nyuma. Nataka akae kwenye matope aone alichokiona mdogo wangu. Sitaki afe. Nataka apotee.

Jumatano, 11 Machi

Manyunyu. Hajaja.

Jumamosi, 14 Machi

Manyunyu tena. Mbingu gani hii isiyokuwa na nguvu!

Jumanne, 17 Machi

Kimezima! Jana mvua imepiga tangu mchana mpaka magari yakawa yanawasha taa, na leo asubuhi huyo hapo mlangoni, suruali matope mpaka magotini. Anasema kioo kilizima akiwa katikati ya mashamba, akakaa chini ya paa la choo cha mtu mpaka mvua ikakatika. Choo! Nilijifunika uso kwa kitambaa cha grisi nikajifanya nakohoa.

Nikafungua tangi, nikakausha kiungo, nikakisokota upya, utepe raundi moja, tumboni pale pale. "Unyevu tu," nikamwambia. "Vifaa vilivyotumika ndivyo vilivyo." Akanishukuru. Huyu mtu anashukuru mpaka anakera.

Nimelala vizuri usiku huo kuliko miezi yote. Mstari huu nauongeza kesho yake asubuhi.

Jumapili, 22 Machi

Nimetoka sokoni nimemkuta sebuleni kwetu, amekaa kwenye kiti cha baba yangu, anakunywa chai. Mama amempa kikombe cha wageni. Kwa wajukuu wa jirani anatoa vya plastiki, kwa huyu anatoa cha wageni.

Alipoondoka nikamvaa Mama. "Unamkaribisha wa nini?"

"Ni mkwe wangu."

"Mkwe kwa nani? Mwanao yuko wapi?"

"Na yeye alifiwa, mwanangu."

"Alifiwa? Aliua huyo! Kwa kiburi chake cha kutouliza njia!"

Mama akachukua beseni la nguo akatoka kwenda kuanika, na nje mvua ilikuwa inanyesha. Uzee nao una vituko vyake.

Alhamisi, 26 Machi

Kimezima tena. Nikamkalisha kwenye benchi nikawahudumia kwanza watu watatu waliokuja baada yake, na kati yao mmoja alikuja kuuliza saa tu. Hakulalamika. Kiungo nimekirudisha kama kilivyokuwa.

"Labda hiki kifaa hakinipendi," akasema.

"Labda," nikasema.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua siku nzima. Nikiisikia inapiga bati najisemea, haya, mfuate. Nimeanza kuzungumza na mvua, jamani. Nisipoangalia nitapelekwa kupimwa kichwa.

Ijumaa, 3 Aprili

Leo sijui nianzie wapi.

Kioo kilizima tena jana, na leo amekuja nacho, ila si peke yake. Nyuma ya pikipiki kateremka mwanamke, kashika kiuno. Nilijua ameoa mwaka jana. Nilisikia, sikwenda, sikutuma hata salamu. Moyoni nilimpa jina Bi Mpya, nikamfungia humo. Leo ndio nimemwona kwa macho, na tumbo lake mbele, la miezi saba au na zaidi.

Shemeji akaenda kununua vocha, akatuacha. Bi Mpya ni fundi cherehani na mdomo wake unakwenda kama cherehani hiyo. Kabla sijamfungulia tangi alikuwa ameshaniuliza benchi nimelinunua wapi, mbona sina pazia, na waya mwekundu na mweusi zina tofauti gani.

"Dada, nikushukuru," akasema. "Hajakwambia, maana yule hasemi. Kazini ni kisingizio. Jipiesi hii ni kwa ajili yangu. Kila jioni tunafanya mazoezi ya kwenda hospitali, mimi nimekaa nyuma na mto. Namwambia, baba, hospitali iko palepale haijahama! Anasema twende tena."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaiweka chini kwa kishindo. Kwa huyu ananunua setilaiti! Kwa huyu anafanya mazoezi na mto! Mdogo wangu alipewa nini? Mdogo wangu alipewa machimbo.

"Dada, yeye alikuwaje?" akauliza kwa sauti ya chini. "Nyumbani hamtaji. Lakini picha yake iko ukutani, hataki iondolewe, na mimi sitaki pia. Mimi ndiye ninayeifuta vumbi. Huwa namwamkia."

Nikaingiza mkono chini ya tangi. Kiungo kilikuwa mkononi mwangu, kimelowa, na chuma cha kulehemu kiko moto pembeni. Dakika tano tu. Nikakisokota kwa vidole nikakizungushia utepe raundi moja.

Tena nilimwagia maji ya jagi, na Bi Mpya akapiga makofi.

Jumatatu, 6 Aprili

Bi Mpya angekuwa na roho mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimegombana na muuza mikate bila sababu. Nimegombana na Mama kwa sababu ya chumvi. Mvua haikatiki.

Jumapili, 12 Aprili

Daraja la lami limekwenda na maji. Nimekwenda kuona na watu wote. Nguzo moja imebaki, imesimama peke yake katikati ya tope. Sasa anayetaka hospitali lazima azunguke kwa barabara ya juu, apite hapa mbele ya karakana yangu, halafu nyuma ya machimbo, kwenye zile nyumba mpya zinazofanana zote, ambako hakuna kona inayojulikana kwa jina.

Huko nyuma ya machimbo mimi sijakanyaga tangu msiba.

Nimerudi nimekaa. Mtu hawezi kujidanganya kila siku. Ilikuwa apotee yeye, peke yake, na mita zake za maji. Huyo wa nyuma na mto wake hakuwamo kwenye hesabu zangu. Akija tena kile kiungo nitakifunga vizuri, na hatajua tofauti.

Alhamisi, 16 Aprili

Hajaja. Juzi nimemwona kwa mbali akipita na kifaa chake kinawaka, anajifunza njia mpya. Siku zenyewe kavu.

Jumapili, 19 Aprili

Hajaja. Mama kanitazama wakati wa kula. "Kama una neno na mtu, si umfuate?"

Nimfuate mimi? Nikavuke kizingiti alichotokea mdogo wangu akiwa hai asirudi? Nigonge nimwambie naomba pikipiki yako nirekebishe kitu? Hapana. Aje yeye. Mwenye shida ndiye anayetembea.

Jumanne, 21 Aprili

Mawingu. Hajaja. Nimenyanyua simu, nikaiweka.

Ijumaa, 24 Aprili

Saa nane mchana giza liliingia kama jioni, na mvua ikaja si kwa matone bali kwa mkupuo. Nilikuwa nalehemu dinamo ya mtu. Sikuusikia mlio wa pikipiki kwa kelele za bati. Nilichokiona ni taa.

Shemeji akaingia nayo mpaka ndani, matope mpaka kifuani. Bi Mpya nyuma yake kashika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili, macho kafumba, hasemi. Yeye, hasemi! Kioo kwenye usukani kilikuwa cheusi.

Tukamshusha, tukamlaza kwenye benchi. Akapumua, akasema, "Dada, naona anataka kutoka huyu."

Shemeji akanigeukia. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

"Shemeji, njia ipi?" akasema. "Kwenye jua naijua. Kwenye mvua hii sioni hata kona. Niambie, njia ipi?"

Miaka miwili nimelitaka swali hilo litoke mdomoni mwake. Nimeliota. Nililiota limenikuta nacheka. Leo limenikuta sina jibu, maana huko ng'ambo sijui kitu, na barabarani hakuna gari wala mtu wa kuuliza.

"Njia imo humo," nikasema, nikionyesha kioo. "Nishikie turubai."

Akanishikia turubai juu ya kichwa. Fundi yeyote kifaa kikizima anaanza na fyuzi. Akitoka kwenye fyuzi anapima rilei, akitoka hapo anaufuata waya kutoka juu, kidogo kidogo, kwa taa ya kupimia. Ni kazi ya robo saa, ukiwa na bahati. Mimi sikuwa na robo saa. Nilifungua skrubu mbili, nikainua tangi, nikaingiza vidole moja kwa moja kwenye tumbo la waya nikakitoa kiungo. Maji yakachuruzika kutoka kwenye utepe. Sikutazama pengine popote.

Turubai likatikisika.

"Ulijua kilipo," akasema.

Haikuwa swali. Sikuinua uso. Nikakata zile ncha zilizooza, nikazifikicha, nikalehemu. Nikavisha mpira, nikapitisha moto, ukabana. Mikono yangu haikuwahi kufanya kazi safi kiasi kile. Nikakifunga kiungo juu kabisa, kwenye fremu, na waya nikauachia tumbo chini yake.

Bi Mpya akaguna. "Bado?"

"Bado kidogo, mama," Shemeji akamjibu kwa upole. Kisha kwangu, bila upole, "Funga vizuri."

Nikafunga. Ufunguo ukageuzwa. Kioo kikawaka, kikatafuta setilaiti zake, mshale wa bluu ukatulia, na mstari wa njia aliyoihifadhi ukajichora mbele yake. Tukampandisha Bi Mpya. Nikamvalisha koti langu la mvua, akanishika shavu kwa mkono wa baridi.

"Nitawafuata nyuma na hii pikipiki ya muuza mikate," nikasema.

"Usinifuate," akasema Shemeji.

Wakaondoka. Nimekaa kwenye benchi lililolowa nikasikiliza mvua. Mara hii sikuwa na la kuiambia. Baadaye Mama alikuja na mwavuli, nikamweleza wamepita, sikumweleza zaidi. Akakaa pembeni yangu, midomo yake inaomba. Mpaka naandika, hakuna habari.

Jumamosi, 25 Aprili

Simu imelia tumemaliza chai.

"Dada!" Ni Bi Mpya, sauti imekauka lakini ni yeye. "Tumefika! Mtoto wa kike, ana nywele mpaka kwenye masikio! Na kile kioo, dada, hakikuzima hata mara moja, mvua yote ile! Nimewaambia manesi, kama kuna mtu ana pikipiki aende kwa dada yangu!"

Nikamwambia hongera. Nikamwambia apumzike. Nikatoka nyuma ya nyumba nikaosha vikombe vyote, hata visivyotumika.

Shemeji hakumwambia, basi.

Alhamisi, 30 Aprili

Hajaja kunitukana. Ningependa aje anitukane. Nimeshapanga hata majibu.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua zimepungua. Kila nikiona viatu chini ya pikipiki natoka nagonga kichwa. Ni wateja tu.

Jibu nililopanga ni hili: na wewe ulimuua wangu. Kila nikilisema linakuwa fupi zaidi.

Jumamosi, 16 Mei

Amekuja. Viatu vikavu, mafundo mawili mawili. Hakuna mteja mwingine aliyekuwepo. Nilimkaribisha benchi, akasimama.

"Sikuja kugombana," akasema. "Na mke wangu sijamwambia wala sitamwambia. Anakupenda. Nimekuja kukwambia jambo ambalo nilishaamua nitakufa nalo. Mama analijua. Nilimsihi anyamaze, akanyamaza."

Nikaweka koleo chini.

"Siku ile tulishika lami," akasema. "Tulikuwa tunakaribia daraja, hospitali tunaiona. Mdogo wako akanipiga begani. Akasema, siendi bila dada yangu, naogopa, turudi tumchukue. Nikamwambia tutamwita tukifika. Akaanza kulia. Tukakupigia, mtandao ulikuwa umekatwa na mvua ya usiku uliotangulia. Wewe ulikuwa ndio umehamishia karakana hapa, mwezi ule ule. Mimi sikuwa nimefika hapa hata siku moja. Yeye alikuwa amefika mara moja. Basi akawa ananielekeza yeye, nyuma ya mgongo wangu. Kata huku, kata kule, dada yuko hapo mbele tu. Barabara walikuwa wameifukua yote, alama alizozijua hazikuwepo."

Akavuta pumzi. Hajawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yangu.

"Watu wanadhani nilipotea nikienda hospitali. Hatukupotea tukienda hospitali, shemeji. Tulipotea tukija kwako."

Nilifuta kiti cha pikipiki ya mtu kwa kitambaa cha grisi.

"Kwa nini hukusema?" nikauliza.

"Ungeubeba vipi? Nikaona mimi mwanamume, nichukiwe mimi, wewe upate wa kumchukia. Nilikuwa nakuhurumia."

"Na leo?"

"Leo sikuhurumii tena."

Hakupaza sauti. Akavaa kofia yake ngumu, akaifunga chini ya kidevu taratibu, na alipokwisha kukaa kwenye pikipiki akaongeza neno. "Mke wangu anataka uje umbebe mtoto. Njoo. Nitakuwepo, nitakutazama unavyombeba."

Akawasha. Kioo kikawaka papo hapo, mshale ukatulia. Kazi safi. Nilisimama mlangoni mpaka mlio wa pikipiki ukaisha, halafu nikaendelea kusimama.

Jioni nimemkuta Mama anachambua mboga. Akanitazama usoni mara moja tu.

"Amekwambia," akasema.

"Ndiyo."

Akasogeza kigoda chake, akanipisha nafasi.

Jumapili, 17 Mei

Jua kali, hakuna wingu hata moja. Nimeamka nikajaribu kumchukia kama kawaida yangu. Imekataa.

Bi Mpya amepiga simu. "Dada, unakuja lini? Tunakusubiri."

Nimemwambia huku kwetu bado kunanyesha.